Namna ya kuchagua stadi inayolipa leo na itakayofaa hata mifumo ikivunjika

Kijana anayemaliza kidato cha nne Makambako au Tukuyu, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hupewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Wapo wanaomwambia asome kitu chenye soko, yaani kompyuta, biashara ya mtandaoni au uhasibu. Wapo pia wazee wanaomsihi asiache jembe, kwa sababu wanaikumbuka vizuri miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati sabuni, sukari na mafuta ya taa vilipoadimika madukani na mwenye fedha mkononi akawa hana cha kununua. Pande zote mbili zina hoja. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule anayetaka kuzisikiliza zote: ajifunze kazi anayoweza kulipwa mwezi huu, na ambayo watu wataendelea kuihitaji hata umeme, mafuta, mtandao au fedha vikikatika kwa muda mrefu.

Tukizungumzia kuvunjika kwa mifumo si lazima tufikirie nchi nzima ikianguka siku moja. Kwa kawaida huvunjika kipande kimoja kimoja. Tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu ya gridi ya taifa iliwaacha watu gizani, na tarehe 12 Mei mwaka huohuo nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikazorota. Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, nchini Zambia, ukame wa mwaka huo ulishusha maji ya bwawa la umeme la Kariba hadi watu wakakaa bila umeme saa nyingi kila siku. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda kiasi kwamba serikali ililazimika kuleta ruzuku. Nchini Kuba, Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991, mafuta yalipungua ghafla, matrekta yakasimama, na taifa lililokuwa limezoea mashine likarudi kufundisha maksai kulima. Mkulima wa Mbozi au Usangu anayejua kumzoeza ng'ombe nira na plau ana maarifa ambayo Wakuba walilazimika kuyatafuta upya kwa haraka.

Hatua ya kwanza ni kujua nani analipa, na jibu la swali hilo linapatikana barabarani kuliko kwenye matangazo ya kozi. Zunguka Mwanjelwa, Mafinga mjini, Ipogolo au soko lolote lililo karibu nawe, katikati ya juma na si siku ya gulio peke yake, uangalie ni fundi yupi ana kazi zinazosubiri. Usimwulize kama kazi inalipa, kwa maana wengi watakujibu kwa adabu tu. Muulize kazi iliyopo mbele yake aliipokea lini, ataikabidhi lini, na ni wateja wa aina gani wanaochelewa kumlipa. Fundi mwenye kazi za wiki mbili mbele na wateja wanaotoa malipo ya awali anakuonyesha soko la kweli.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Ichukue stadi uliyoipenda, uiondolee vitu kimoja baada ya kingine: kwanza mtandao, kisha umeme, kisha mafuta, kisha vipuri vinavyotoka nje ya nchi, na mwisho fedha taslimu. Angalia inakwama wapi. Fundi cherehani aliyezoea mashine ya umeme tu husimama mgawo wa umeme unapoanza, lakini mwenzake anayeweza kukaa kwenye cherehani ya kukanyaga, akairekebisha mkanda na sindano mwenyewe, huendelea kushona. Seremala wa Mafinga anayetegemea mashine ya kuranda hana tofauti na huyo wa kwanza. Lakini kama ameshika pia randa ya mkono, patasi na msumeno, na misitu ya Sao Hill iko karibu naye, kazi yake itapungua kasi bila kufa. Fundi wa kuchomelea anayejua pia kuunga vyuma kwa ribiti na kufua chuma kwa moto wa mkaa ana pa kushukia. Mhasibu anayefunga hesabu kwa programu peke yake atakwama, ila yule anayeweza kuandika leja na kutoa urari kwa kalamu atatafutwa na vyama vya akiba na mikopo (SACCOS) na vikundi vya vikoba, maana watu wanapokopeshana kwa shida huhitaji kumbukumbu zisizobishaniwa.

Kutokana na mifano hiyo nasema waziwazi: jina la kazi halitoshi kukuamulia. Kazi ileile humwokoa mmoja na kumwangusha mwingine, kutegemea kama alijifunza kuifanya kwa zana duni alipokuwa bado na muda wa kujifunza. Kwa hiyo unapotafuta mwalimu au chuo, uliza kama utafundishwa pia njia ya mkono, na kama haimo kwenye ratiba, mtafute mzee aliyeifanya.

Kwa Nyanda za Juu Kusini, stadi ninayoiweka mbele ya nyingine ni ufundi wa maji ya mserereko. Milima ya Uporoto, Livingstone na Mufindi ina chemchemi nyingi zilizo juu ya makazi ya watu, na maji yakishaingia kwenye bomba hushuka yenyewe bila pampu wala dizeli. Leo kazi hii inalipwa na vyombo vya watumia maji vijijini vinavyosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, na wakulima wa parachichi wanaotaka kumwagilia, na shule, na nyumba za wageni. Siku ambayo dizeli itakosekana, kijiji chenye bomba la mserereko na mtu wa kulitunza kitaendelea kunywa.

Ufundi wenyewe una hesabu ambayo mtu wa darasa la saba anaweza kuimudu. Kupima wingi wa maji ya chanzo, weka ndoo ya lita 20 chini ya mfereji mdogo uliokusanya maji yote, kisha hesabu sekunde hadi ijae. Ikijaa kwa sekunde 40, chanzo kinatoa nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 1,800 kwa saa na lita 43,200 kwa siku. Ukikadiria lita 25 kwa mtu kwa siku, hayo yanatosha watu zaidi ya 1,700, mradi kuwe na tangi la kuhifadhi maji ya usiku. Pima mwezi Oktoba au mwanzoni mwa Novemba kabla mvua hazijaanza, kwa sababu kipimo cha Machi kitakudanganya. Kisha kuna tofauti ya urefu: kila mita 10 za mteremko huongeza shinikizo la takriban baa moja, kwa hiyo bomba la bei rahisi lenye kuta nyembamba lililowekwa mita 100 chini ya usawa wa tangi linaweza kupasuka. Urefu wa kilima na kina cha bonde unaweza kuulinganisha kwa mpira mwangavu uliojaa maji, maana maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja. Mahali bomba linapopanda kigongo, hewa hujikusanya na kuzuia maji, hivyo pawekwe vali ya kutolea hewa. Mahali linaposhuka chini kabisa, pawekwe koki ya kuondolea tope. Fundi asiyejua mambo hayo mawili hulaumu chanzo kuwa kimekauka, na wanakijiji hukiacha chanzo kizima kwa sababu ya kiputo cha hewa.

Anayependa umeme afuate mkondo huohuo wa maji. Mufindi kuna mtambo wa Mwenga wenye uwezo wa megawati 4 unaohudumia vijiji vinavyouzunguka, na Matembwe mkoani Njombe wananchi wamekuwa na mtambo wao mdogo kwa muda mrefu. Fundi umeme wa nyumba akiongeza ujuzi wa jenereta ndogo, betri na paneli za jua, anakuwa na kazi gridi ikiwepo na isipokuwepo. Asisahau kwamba kufunga umeme majumbani kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Stadi nyingine ambayo wengi huidharau ni kuhifadhi nafaka. Watu wetu wanajua sana kulima mahindi, lakini gunia likishaingia ghalani hulikabidhi kwa bahati. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na fangasi wanaoitoa hustawi kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Kipimo kimoja hakihitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi iliyokaushwa vizuri juani hadi karibu robo, ongeza mahindi hadi nusu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi takriban asilimia 15. Isipoganda, yameshuka chini ya hapo, lakini bado yaanike tena, kwa kuwa mfuko usiopitisha hewa unahitaji nafaka ya asilimia 13 hivi. Kwenye mfuko huo wadudu hukosa hewa na kufa bila dawa, mradi plastiki ya ndani isitobolewe na kila safu ifungwe kivyake baada ya kuminya hewa. Leo mtu anayejua kupima, kupanga madaraja na kutunza ghala hulipwa na wafanyabiashara na vyama vya ushirika. Njaa ikija, yeye ndiye atakayejua chakula kipi ni salama.

Kubebesha miche nakutaja kwa ufupi kwa sababu Njombe na Rungwe wameshauona utamu wake. Kikonyo cha Hass, aina ya parachichi la soko la nje, hupachikwa juu ya mche wa parachichi la kienyeji unene wa penseli, kikafungwa kwa utepe wa nailoni, na zana kubwa ni kisu kikali kisafi. Soko la nje likifungwa, mkono huohuo utabebesha tufaha la Makete na embe la Kyela. Uuguzi na ukunga nao ni wa lazima popote, lakini ni kazi ya shule na leseni, wala asijitokeze mtu kutibu wenzake kwa kusoma kwenye simu. Kila mtu, hata hivyo, anaweza kujifunza kuzuia damu isivuje, kufunga mfupa uliovunjika na kuchanganya maji, sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha.

Kazi za kompyuta sizibezi, na kijana anayezipenda azifanye. Ninachomsihi ni asitegemee akaunti moja ya kampuni moja kuwa shamba lake lote. Akiongeza kutengeneza simu, redio na mifumo midogo ya sola, atakuwa amejiwekea mguu wa pili ndani ya fani ileile.

Kuhusu kujifunza, usianze kwa kulipa ada. Kaa kwanza miezi mitatu na fundi, hata kwa kufagia na kubeba zana, uone kama mwili na moyo wako vinaikubali kazi. Andikianeni makubaliano mbele ya mzazi au mwenyekiti wa mtaa: muda, chakula, kazi utakazofundishwa na siku ya kupewa kazi yako ya kwanza mwenyewe. Baada ya hapo ndipo uende chuo cha ufundi cha VETA, Mbeya au Iringa, au chuo cha maendeleo ya wananchi kilicho karibu. Aliyekwisha kujifunzia mtaani anaweza kuomba VETA impime na kumpa cheti kwa ujuzi alionao, na cheti hicho humfungulia zabuni ambazo mkono mtupu haumfungulii.

Fedha ya kwanza ya kazi inunue zana za mkono kabla ya mashine, tena zile zenye mpini unaoweza kuchongwa hapa na bapa linaloweza kunolewa kwa tupa. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji uifungue zana hiyo palepale dukani na kuifunga tena. Ikiwa hamuwezi kuifungua, wewe wala yeye, ikivunjika hakuna atakayeitengeneza, kwa hiyo tafuta nyingine.