Kufundisha mageto ya Wanazi kwa vipindi viwili vya dakika 40

Anza na neno lenyewe. Mwanafunzi wa Kampala akisikia "geto" huwaza mtaa wa mabanda, au chumba cha kijana anayejitegemea. Usipolifafanua mapema, somo zima litapotea njia. Andika ubaoni: eneo ambalo Wayahudi walihamishiwa kwa nguvu na kufungiwa.

Kisha weka tarehe tano tu. Oktoba 1939, geto la kwanza, Piotrków Trybunalski nchini Poland. Aprili 1940, geto la Łódź, pia Poland, lafungwa. Novemba 1940, lile la Warsaw. Oktoba 1941, treni zaanza kuleta Łódź Wayahudi wa Vienna, Prague na Berlin. Julai 1942, treni zaanza kuwatoa watu Warsaw kwenda Treblinka, kambi ya mauaji. Hapa ndipo wengi huteleza: huchanganya safari ya kuingizwa geto na ile ya kutolewa geto kwenda kuuawa. Tumia chaki za rangi mbili.

Vipimo visikimbizwe. Waliosafirishwa kutoka Ujerumani waliruhusiwa mzigo wa kilo 50, uzito wa mfuko mmoja wa simenti. Warsaw, watu zaidi ya 400,000 walibanwa katika kilomita za mraba 3.4 hivi, wastani wa watu saba kwa chumba. Chora sakafuni chumba cha mita 3 kwa 4, utandike mikeka saba. Mgao rasmi wa chakula mwaka 1941 haukufika kalori 200 kwa siku: pima gramu 50 za unga wa mahindi wa posho, mimina kwenye sahani, ipite dawati hadi dawati. Eleza pia kwamba waliodumu walisaidiwa na magendo, mengine yakipitishwa na watoto kwenye matundu ya ukuta.

Usiwalaze wanafunzi kwenye mikeka hiyo, wala usigawe darasa kuwa Wanazi na Wayahudi. Igizo hilo huishia kicheko, au humtonesha mtoto aliyekimbia vita mwenyewe, na karibu na makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Bidi Bidi watoto hao ni wengi.

Ukiwa Mbale utaulizwa kuhusu Abayudaya, Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi. Jibu kwa ufupi: jumuiya hiyo ilianzishwa huko huko na Semei Kakungulu mwaka 1919.

Bakiza dakika 15 kwa swali lisilokosekana: "Mbona hawakutoroka?" Soma amri ya Oktoba 1941: Myahudi aliyetoka geto bila kibali adhabu yake kifo, na aliyemficha vilevile. Halafu waache waitazame tena ile sahani.