Konokono wakipanda kioo mchana, kagua maji

Tangi langu la samaki ni la lita 60, liko sebuleni hapa Mwanza, na konokono waliomo sikuwanunua. Walikuja wamejificha kwenye mizizi ya majani ya maji. Gamba lao ni refu, limechongoka kama parafujo. Mchana huwaoni, wamejichimbia mchangani. Nikizima taa saa nne usiku hutoka, wakatambaa kioo kizima wakila ukungu wa kijani na mabaki ya chakula cha samaki.

Anza kwa kuijua ratiba hiyo. Kaa na tangi lako wiki nzima, mchana na usiku, tochi ya simu inatosha, uone wanakolala na wanakopenda kula. Usipojua kawaida yao, hutajua siku wanapoiacha.

Mimi niliijua, na bado nilikosea. Usiku mmoja umeme ulikatika, pampu ya hewa ikasimama. Asubuhi nikawakuta konokono zaidi ya thelathini wamejipanga kwenye kioo, karibu kabisa na uso wa maji. Samaki walikuwa wakiogelea vizuri, nami nikaenda zangu kazini. Niliporudi, samaki wawili walikuwa wamekufa. Konokono hawa hupumua kwa matamvua kama samaki. Oksijeni ikipungua chini, hukimbilia juu, maji yanakogusana na hewa. Waliniambia mapema, sikuwasikiliza. Hadi leo inaniuma.

Sasa nikiwaona juu mchana sisubiri. Natoa robo ya maji, kisha natia maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo wazi tangu jana yake ili klorini itoke. Nayamimina kutoka juu, taratibu, yaingie na hewa. Halafu natafuta chanzo: samaki aliyefia nyuma ya jiwe, chakula kilichooza, chujio lililoziba. Umeme ukiwa haujarudi, nachota kwa kikombe na kumimina tena, kila baada ya muda, hata kama ni usiku.

Kuhusu kuzaana: jike wa aina hii hahitaji dume, na huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Mmoja tu anaweza kukujazia tangi. Lakini hawezi kulijaza bila chakula, kwa hiyo ukiona wamekuwa wengi mno, tazama mkono wako unavyolisha. Nilipoanza kuweka kile tu ambacho samaki wanamaliza kwa dakika mbili, wangu walipungua wenyewe ndani ya miezi michache. Usikimbilie dawa. Yenye shaba huwaua wote kwa pamoja, wakaozea mchangani na kuharibu maji ya samaki wako.

Ncha ya gamba ikiwa nyeupe na kumomonyoka, maji yana asidi au yamepungukiwa chokaa. Weka mfupa wa ngisi, au maganda ya yai yaliyochemshwa.

Tuishio kando ya Ziwa Victoria tusiokote konokono ufukweni kwa ajili ya tangi. Wale bapa, waliojikunja kama kamba iliyoviringwa, wako wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ukiwa umetia mkono majini. Vilevile usimwage konokono wa tangi kwenye mtaro. Konokono wa Amerika Kusini, yule anayetaga mayai ya waridi juu ya maji, alibainika mwaka 2020 katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, na wakulima ndio wanaoumia.

Ukimkuta mmoja amelala siku mbili hasogei, usimtupe bado. Mtoe, utazame mdomo wa gamba. Kifuniko kikiwa kimebana, yu hai, mrudishe. Kikiwa kimelegea, mnuse: aliyekufa hunuka vibaya sana, hutakuwa na shaka. Huyo mwondoe saa hiyohiyo, na jioni badilisha maji kidogo.