Kubomoa bweni la mbao la jeshi bila kuua mbao zake

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 jeshi la Marekani lilijenga mabweni ya mbao kwa haraka katika kambi zake: ghorofa mbili, upana wa mita 9 hivi, urefu wa mita 24, askari 63 kwa jengo. Yalikusudiwa kuwa ya muda, lakini mengi yalisimama zaidi ya miaka 50. Kambi ya Fort Ord ya California ilipofungwa mwaka 1994, safu kwa safu za mabweni hayo zilibaki tupu. Buldoza hulimaliza jengo la aina hiyo kwa siku moja au mbili na kukuachia kifusi cha kulipia dampo. Kwa mikono unahitaji watu 8 hadi 10 na wiki kadhaa, ila ndani ya kuta mna mbao ambazo ni shida kuzipata leo: Douglas fir (mti mrefu wa jamii ya misonobari) upande wa magharibi na msonobari wa njano upande wa kusini, nyingi zikiwa zimepasuliwa kutoka miti mikongwe yenye pete za ukuaji zilizobanana. Kuzifukia mbao hizo ni hasara isiyo na sababu.

Usiguse msumari kabla ya karatasi kukamilika. Majengo ya kambi iliyofungwa hutolewa kwanza kwa vikosi vingine na idara za serikali kuu, kisha kwa mashirika yanayohudumia wasio na makazi na kwa serikali za jimbo na mji. Kwa hiyo hakikisha unajua mmiliki wa sasa ni nani, na kibali chake kiwe cha maandishi. Mabweni ya muda ya wakati wa vita yana makubaliano ya mwaka 1986 yanayoruhusu yabomolewe, kwa kuwa aina zake zilirekodiwa kwa michoro na picha. Hata hivyo, jengo likiwa ndani ya eneo la kihistoria, uliza upya.

Tafuta pia mnunuzi kabla ya kufungua paa. Mbao zikikosa pa kwenda hurundikwa juani, hupinda, na mwisho huenda dampo zikiwa tayari zimekula mishahara.

Sumu hutoka kwanza. Asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, huwa kwenye vigae vya sakafu vya sentimita 23 kwa 23, gundi nyeusi chini yake, karatasi za saruji kwenye kuta za nje, na hasa kwenye mabomba ya joto na boila. Mkaguzi mwenye leseni achukue sampuli, kisha mamlaka ya mazingira ipewe taarifa angalau siku 10 za kazi kabla ya ubomoaji. Kuondoa ni kazi ya kampuni iliyoidhinishwa: hulowesha, hawavunji, hufunga kwenye mifuko minene ya plastiki yenye lebo. Fundi wako asijaribu kusaidia.

Kisha rangi. Jengo lolote la kabla ya 1978 lichukulie kuwa rangi yake ina madini ya risasi mpaka kipimo kikuambie vinginevyo. Kifaa cha miale kikionyesha miligramu 1 au zaidi kwa sentimita ya mraba, hiyo ni rangi ya risasi. Usikwangue kikavu, usipige msasa wa mashine bila kivuta vumbi chenye chujio la HEPA, linalonasa vumbi laini kabisa, na usichome ubao uliopakwa rangi hata kipande cha kuotea moto, maana risasi hubaki kwenye majivu na moshi. Wafanyakazi waoge na kubadili nguo kazini. Vumbi likienda nyumbani kwenye viatu, wa kwanza kuumia ni mtoto anayetambaa. Habari njema ni kwamba rangi iko zaidi kwenye mbao za nje, milango na madirisha. Nguzo za ukuta, boriti na makombamoyo mara nyingi ni safi, na ndizo zenye thamani.

Kata umeme, maji na gesi kutoka nje ya jengo, si kwenye swichi ya ndani. Baada ya hapo bomoa kinyume cha lilivyojengwa: vitasa, milango na nyaya, mbao za ndani za kuta, bomba la moshi, vigae vya paa, mbao za kufunika paa, makombamoyo, kuta za juu, sakafu ya juu, halafu chini vivyo hivyo. Sakafu iache mpaka ukuta unaosimama juu yake uishe, kwa sababu ndiyo jukwaa lako. Kuta zikate vipande vya mita 3 au 4, zifunge kamba, zilaze kwa ndani juu ya sakafu, kisha uzifumue zikiwa zimelala. Ajali kubwa hutokea mtu anapong'oa mbao za mshazari mapema akitaka kuwahi: ukuta unabaki umeshikwa na misumari tu, na upepo wa kawaida unautupa. Kabla hujatoa mshazari wowote, weka egemeo la muda.

Mtaimbo ndio unaopasua mbao nyingi. Usiuingize mwishoni mwa ubao na kunyanyua kwa nguvu. Anzia karibu na msumari, nyanyua kidogo, sogea kwenye msumari unaofuata, urudi. Ubao uliogoma, pitisha msumeno wa kukata chuma kati yake na nguzo uikate misumari. Mashine ya hewa ya kusukuma misumari itoke kwenye ubao huokoa muda mwingi, lakini hata baada yake pitisha kitambua chuma kila upande. Msumari mmoja uliovunjikia ndani huharibu meno ya randa nzima.

Panga kwa ukubwa na urefu siku hiyohiyo, juu ya vipande vya kutenganisha, chini ya turubai lenye nafasi ya hewa. Kata sentimita 10 hadi 15 kila mwisho wenye nyufa. Maabara ya Mazao ya Misitu ya Marekani, Madison, ilipima mbao za majengo ya jeshi na kuona ugumu wake wa kutopinda chini ya mzigo haujapungua; kinachoshusha daraja lake la ubora ni matundu ya misumari, nyufa na matundu ya nyaya. Kwa kubeba mzigo wa nyumba, daraja lazima litolewe na mpimaji anayetambulika.

Mwisho, pima unene kwa kweli. Ubao unaoitwa wa inchi 2 kwa 4 wa miaka hiyo ni milimita 41 kwa 92. Wa leo ni 38 kwa 89. Ukichanganya kwenye ukuta mmoja, ubao wa jipsamu hautakaa sawa. Mwambie mnunuzi kabla hajapakia: atumie za zamani ukuta mzima, au azirande zote zilingane na mpya.