Linux Inapobaki na Skrini Nyeusi: Kurejesha Mazingira ya Picha bila Kusakinisha Mfumo Upya

Kompyuta mpakato inapowaka, ikaonyesha nembo ya mtengenezaji, kisha ikabaki na skrini nyeusi au kistari kinachopepesa, wengi hukimbilia kusakinisha mfumo upya. Mara nyingi haja hiyo haipo, kwa sababu kerneli (kiini cha mfumo) inafanya kazi, mafaili yako salama, na kilichoshindwa ni ama draiva ya kadi ya picha, ama programu inayoleta ukurasa wa kuingia, ama akaunti yako mwenyewe. Tambua kwanza ni kipi, ndipo uguse kitu. Amri zilizomo humu ni za matoleo ya Linux yaitwayo Ubuntu na Debian.

Hatua ya 1. Bonyeza Ctrl+Alt+F3 (baadhi ya kibodi huhitaji pia kitufe cha Fn). Ukiona neno `login`, ingia kwa jina lako na nywila, ambayo haitaonekana unapoiandika.

Usipoliona, zima kompyuta, iwashe, kisha gonga Esc au shikilia Shift hadi menyu ya GRUB (programu inayoanzisha mfumo) itokee. Bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, ongeza `nomodeset` mwishoni mwake, halafu bonyeza Ctrl+X. Neno hilo huizuia draiva ya picha kubadilisha hali ya skrini, hivyo kompyuta hutumia hali sahili iliyoachwa na programu ya ubao mama. Badiliko hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu. Nashauri usilifanye la kudumu, kwani utapoteza kasi ya picha na, mara nyingi, hata uwezo wa kurekebisha mwangaza.

Hatua ya 2. Andika `df -h`. Diski ikiwa imejaa kwa 100%, ukurasa wa kuingia unaweza kushindwa kufunguka ingawa draiva ni nzima. Punguza kwa `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=200M`.

Hatua ya 3. Soma kumbukumbu za mfumo kabla ya kubadilisha lolote; hapa ndipo wengi hukosa subira, na ndipo jibu lilipo.

`systemctl status display-manager`
`journalctl -b -p err`

Ikiwa umewasha upya kwa `nomodeset`, tumia `journalctl -b -1 -p err`, ili usome uwashaji ulioshindwa na si huu wa sasa.

Hatua ya 4. Andika `lspci -k` na utazame, chini ya kadi ya picha, mstari wa `Kernel driver in use`. Kadi za Intel kwa kawaida huonyesha `i915`, za AMD `amdgpu`, na za NVIDIA `nvidia` au `nouveau`. Tatizo likianza mara baada ya kusasisha mfumo kwenye mashine yenye NVIDIA, shuku moduli yake (kipande cha draiva kinachopakiwa ndani ya kerneli), ambayo lazima iendane na kila kerneli mpya. Chagua kerneli ya zamani kwenye `Advanced options` za GRUB. Skrini ikiwaka, umeshapata chanzo. Rudi kwenye kerneli mpya kwa `nomodeset`, angalia `dkms status` (DKMS ni zana inayojenga moduli upya kwa kila kerneli), na moduli ikikosekana andika:

`sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`
`sudo dkms autoinstall`

Moduli ikiwepo lakini haipakiwi, andika `mokutil --sb-state`. Secure Boot (kinga inayokagua saini za programu wakati wa kuwasha) ikiwa imewashwa, kerneli hukataa moduli isiyo na saini inayoiamini.

Hatua ya 5. Ukurasa wa kuingia ukitokea lakini ukakurudisha pale pale kila uandikapo nywila sahihi, tatizo huenda liko kwenye akaunti. Andika `ls -l ~/.Xauthority` kuona mmiliki wa faili hilo la ruhusa za kutumia skrini; mmiliki akiwa `root` (msimamizi mkuu), jambo linaloweza kutokea mtu akiendesha `startx`, amri ya kuanzisha mazingira ya picha, kwa `sudo`, rekebisha kwa `sudo chown $USER: ~/.Xauthority`.

Mwishowe washa kompyuta upya bila `nomodeset`, na usiiondoe kerneli ya zamani mpaka hii mpya ifunguke vizuri mara kadhaa.