Toka Lubumbashi mpaka Mosi-oa-Tunya: makosa ya kuepuka kabla ya kuvuka Kasumbalesa

Watu wa Lubumbashi wanachukulia Zambia kama mtaa wa jirani. Wana ndugu Kitwe na Ndola, Kibemba wanakisikia. Lakini ukienda kutalii Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko ya Victoria, hakuna shemeji wa kukutetea mpakani Kasumbalesa. Karatasi zako ndizo zitasema.

1. Mwezi. Maji ya maporomoko yanajaa sana kati ya Machi na Mei. Oktoba na Novemba, upande wa Zambia sehemu kubwa inabaki jiwe tupu. Likizo kubwa ya watoto, Julai, bado inafaa.

2. Majina. Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima. Sisi Wakongo tuna jina, postnom (jina la pili linalofuata lile la kwanza) na prenom (kama Jean au Marie). Fomu za Zambia zina nafasi mbili tu, jina la ukoo na majina mengine. Basi huyu anabandika postnom kwenye ukoo, yule anaiweka upande wa pili, mwingine anaiacha kabisa. Karti ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, nayo imeandikwa kwa mkono, kufuata ulivyojitaja siku ile ya chanjo. Unafika dirishani na karatasi tatu, kila moja na mtu wake.

Fungua paspoti, ukurasa wa picha, tazama mistari miwili ya chini. Wa kwanza unaanza na P<COD. Herufi zote mpaka alama mbili << ni jina la ukoo, jinsi mashine za ng'ambo zinavyolisoma. Yanayofuata ni majina mengine. Mpangilio huo ndio uandike kila mahali: hoteli, basi, fomu, karti ya njano. Karti ya kura iache nyumbani, hata kama huko jina lako limepangwa vizuri zaidi.

Kuna tatizo la majina marefu. Mstari ule una nafasi 44, na 5 zimeshaliwa na P<COD, kwa hiyo jina refu linakatwa. Likikatwa, andika jina zima kama lilivyo juu ya ukurasa, ila kwa mpangilio uleule wa chini.

Na watoto! Kwetu mtoto anaweza kubeba jina la babu, si la baba. Afisa anaona mwanaume mmoja na watoto watatu wasiofanana naye hata kwa jina moja, lazima aulize. Beba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na kama mama hasafiri, barua yake ya ruhusa.

3. Chanjo ya homa ya manjano. Karti inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichanjwe jana ya safari. Tangu 2016 inatosha maisha yote. Anayekudai feza ya kuifanya upya baada ya miaka 10, mkatalie.

4. Feza. Dola uliyozoea kulipia hata mkate, kule inabadilishwa kwanza kuwa kwacha. Mimi nabadilisha kwenye ofisi ya kubadilisha feza au benki tu. Kijana anayekimbilia basi na bunda la noti mkononi, mpite: noti za kabla ya 2013, zenye maelfu, hazinunui kitu.

5. Barabara. Magari yanapita kushoto. Tazama kulia kwanza.

6. Daraja. Lile la mwaka 1905, pale kwenye maporomoko, linaunganisha Zambia na Zimbabwe. Kama visa yako ni ya kuingia mara moja, usikubali muhuri wa kutoka kwa sababu ya picha tu. Omba uhamiaji kibali cha darajani, piga picha, rudi ulikotokea.