Kiangazi cha wakwe na ngoma: namna tunavyokipanga sisi wawili

Hapa Lubumbashi, tangu sikukuu ya uhuru tarehe 30 Juni mpaka watoto warudi shuleni mwanzo wa Septemba, hakuna Jumamosi tupu. Mvua imekwisha, barabara zinapitika, harusi zinafuatana, karindula, muziki wetu wa Katanga, inalia mitaani, na kila mzazi anauliza mnakuja lini. Mimi nauza vitenge soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, mume wangu ni fundi magari, na wote wawili muziki tunaupenda sana. Nataka kueleza tunavyofanya ili tuwaone wazazi wa pande zote, tucheze, na turudi nyumbani bila kununiana.

Kaeni mwezi wa tano, jioni moja, wawili tu, na daftari. Andikeni kwanza siku zisizosogea. 1 Agosti ni siku ya wazazi kwetu Kongo: asubuhi watu wanakwenda makaburini na majembe kusafisha, kisha mchana wazazi walio hai wanapewa zawadi zao. Jumamosi ya mwisho ya Julai ni Mutomboko kule Mwansabombwe, Zambia, siku Mwata Kazembe wa Walunda anapocheza mbele ya watu ameshika upanga na shoka. Siku hizo mbili zimebanana ndani ya wiki moja. Ndiyo maana Mutomboko hatuendi kila mwaka. Mwaka tunaokwenda, 1 Agosti tunaifanya kwa mama yangu Likasi, kilomita kama 120 tu, na marehemu baba amezikwa hukohuko. Mwaka tusiokwenda, tunashika njia ya Kasenga kwa wazazi wa mume wangu, kando ya Luapula.

Mkishakubaliana, kila mmoja azungumze na watu wake. Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote. Mume wangu ndiye anayempigia mama yake: “Mama, tutafika Ijumaa jioni, tutatoka Jumapili asubuhi. Nimepanga mimi.” Nikisema mimi maneno hayohayo, nitaonekana mke anayemfungia mtoto wao njia. Na mimi nikimwambia mama yangu mwaka huu hatulali siku nne, ananielewa, kwa sababu ni mwanawe anayesema. Siku ya kuondoka itajwe kwenye simu ya kwanza kabisa. Ikitajwa mlangoni, mabegi yakiwa mkononi, inaumiza.

Isipokuwa mwaka wa Mutomboko, ziara zitangulie muziki. Ukitoka kwenye ngoma umechoka, makuta, yaani fedha, yamepungua, sauti imekauka. Mzazi hastahili kupokea mabaki hayo. Nunua vya wazazi mapema: mfuko wa unga wa kilo 25, sukari, mafuta, sabuni, na kitenge cha mama mkwe. Pande zote zipate sawasawa, maana habari zinasafiri. Ukifika, usikae sebuleni. Mimi naweka mzigo, najifunga kitenge, nashika mwiko wa bukari, yaani ugali. Yeye kwa mama yangu hawezi kukaa jikoni, heshima ya ukwe hairuhusu, basi anakaa uani akirekebisha mlango, kiti, chochote kilichovunjika. Mama anamsifu mwaka mzima.

Sasa karindula. Kama hujawahi kusimama karibu nayo, nenda. Chombo chenyewe ni kikubwa, pipa la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi, na shingo ndefu yenye nyuzi nne. Mpigaji akiuvuta ule uzi mnene, unausikia kifuani kabla ya masikio. Fikeni mchana jua likiwa juu, simameni upande wa mpigaji, si nyuma ya wachezaji, maana huko vumbi lote litakuwa lenu. Badilisheni franka ndogondogo kabla ya kutoka nyumbani kwa ajili ya kuwatunza wapigaji. Ukiwa na noti kubwa tu, utaishia kupiga makofi. Mimi navaa viatu vya chini, koti nalifunga kiunoni. Jua likizama mwezi wa Julai, baridi inaingia mpaka mifupani. Michopo, nyama choma ya mbuzi, tunakula baadaye, tukiwa tumekaa wawili, bila shemeki wala jirani. Hiyo saa moja ni yetu, na kwenye daftari pia imeandikwa.

Mutomboko inataka maandalizi zaidi. Pasipoti, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ni moja kwa maisha yote, kwa hiyo kadi isipotee. Mambo ya viza yaulizwe konsulati ya Zambia hapahapa mjini, wiki kadhaa kabla, si mpakani Kasumbalesa. Kama mnaendesha wenyewe, kumbukeni ng'ambo wanapita kushoto. Mwenye usingizi asishike usukani pale mpakani, ashike aliyepumzika. Ukipitia Mufulira, mji wa Zambia, unaingia tena Kongo kwa kilomita kama 70 kabla ya daraja la Chembe na njia ya Mansa, kwa hiyo karatasi zikae karibu, zisizikwe chini ya mabegi. Fikeni siku moja kabla. Malazi yanajaa, na blanketi lenu wenyewe ni lazima.

Kuhusu makuta, tuna bahasha tatu: ya wazazi, ya ngoma, ya shule. Ya shule tunaijaza kwanza, mwezi wa sita, na tunamwachia dada yangu aitunze mpaka mwisho wa Agosti. Ya ngoma ikiisha, tunarudi nyumbani, hata kama wapigaji ndiyo kwanza wanakaza nyuzi. Ya wazazi ikibaki na kitu, tunawatumia kwa simu, nusu Likasi, nusu Kasenga.