Kulinda mgongo, mabega na magoti ya wajenzi

Saidia fundi, yaani kibarua anayemsaidia fundi ujenzi, anapoumia mgongo, watu husema hakuwa na nguvu, ilhali mara nyingi chanzo ni kwamba hakuna aliyepanga saruji ishushwe wapi. Mfuko mmoja una kilo 50, na taasisi ya utafiti ya Marekani, NIOSH, imeweka kikomo cha kilo 23 kwa mtu mmoja, tena pale mzigo ulipo karibu na mwili na unaposhikika vizuri. Hivyo, kabla lori halijafika, msimamizi achague mahali karibu na pa kuchanganyia zege, na katika viwanja vya mteremko, ambavyo ni vingi hapa Arusha, pawe upande wa juu ili mizigo iteremshwe badala ya kupandishwa. Mifuko ipangwe juu ya mbao, isivuke usawa wa kifua.

Panapopitika, toroli itumike, nayo iwe na upepo wa kutosha. Pasipopitika, mfuko ubebwe na watu wawili. Anayenyanyua akunje magoti, auvute mzigo karibu na tumbo, na anapotaka kugeuka ahamishe miguu bila kuzungusha kiuno.

Siku ya kumwaga zege ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu kasi huwa kubwa na hakuna anayetaka kuonekana mzembe. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, lakini ikijaa zege hukaribia kilo 48, kwa hiyo ijazwe nusu tu, hata kama safari zitaongezeka. Wapiga chepe na wabeba ndoo wabadilishane kazi kila baada ya muda mfupi, ili misuli ileile isichoshwe kutwa nzima.

Fundi nondo afanyie kazi juu ya meza iliyo usawa wa kiuno, na fundi vigae aweke sponji nene chini ya magoti. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, kazi ianze na mizigo myepesi.

Maumivu yasifichwe kwa kumeza dawa na kuendelea kubeba. Mwajiri aandike tukio na kulitaarifu kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mguu ukilegea, ganzi ikiingia sehemu za siri au mkojo ukishindwa kuzuilika, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.